Seva juu ya kabati, Nkuhungu: shajara ya mradi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo laptopu ya zamani imepanda cheo: imekuwa seva, mashine ya kutunza mafaili na kuwapa wanaoyaomba kupitia mtandao. Kioo chake kilipasuka mwaka juzi na kibodi imepoteza herufi mbili, ila ina RAM ya gigabaiti 8 na diski mpya ya terabaiti 1, na kazi niliyoipa haihitaji kioo. Nimeiwekea Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na kuipandisha juu ya kabati la korido, mbali na dirisha. Mwezi wa sita hapa Dodoma upepo haulali, na vumbi la Nkuhungu huingia hata pasipo na tundu.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni daftari la duka la dada yangu pale Majengo: mauzo, madeni, nani kachukua mifuko mingapi ya saruji na kaahidi kulipa lini. Ya pili ni sauti za bibi. Tangu 2019, kila ninapokwenda Mpwapwa namrekodi: ngano, vitendawili, nyimbo za Kigogo, na siku nyingine ugomvi wake na kuku. Yamefika mafaili 63. Yamekuwa yakihama kutoka simu moja kwenda nyingine, na simu zenyewe ndiyo hizi zinazoibiwa stendi.

Nyumbani kila kitu kinafunguka. Rauta nimeielekeza iipe seva anwani ileile siku zote, 192.168.1.20, na nikiwa kitandani namsikia bibi kwenye simu akianza na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kama kawaida yake. Dada akiwa dukani haoni kitu. Kumfikishia hayo hadi Majengo ndio mradi wenyewe. Nadhani kesho mchana nitakuwa nimemaliza.

Jumapili, 8 Juni

Sijamaliza.

Nimeingia kwenye rauta na kuandika kanuni: anayebisha hodi poti 443, mlango wa tovuti zilizosimbwa, apelekwe 192.168.1.20. Nikajaribu kwa simu, ikafunguka. Nikapiga kelele nyumba nzima ikasikia. Kisha nikagundua simu bado ilikuwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani na nilikuwa nimeandika anwani ya ndani, yaani nilikuwa ndani ya nyumba najibishia hodi mwenyewe. Nimezima Wi-Fi, nikawasha bando, nikaandika anwani ya nje. Kimya. Shemeji kajaribu akiwa dukani: "Inazunguka tu, shem."

Nimebadilisha poti mara nne. Nimezima fayawoli ya seva kabisa kwa dakika kumi, jambo ambalo sijivunii. Bado kimya.

Jumanne, 10 Juni

Nimeupata ugonjwa, na hauko nyumbani kwangu.

Kwenye ukurasa wa hali ya rauta, anwani yake ya upande wa nje inaanza na 100.72. Nikiuliza tovuti yoyote ya nje "unaniona kwa anwani gani?", inanitajia nyingine kabisa. Hapo ningepaswa kushtuka tangu Jumapili. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa makampuni ya intaneti kuzitumia ndani ya mitandao yao. Ni zaidi ya milioni 4, lakini hakuna hata moja inayofikika kutoka nje. Rauta yangu ni ya laini ya 4G, na mimi na wateja wengine wengi tunatoka kwa anwani moja ya umma.

Nilisoma shule ya bweni ambako mamia ya wanafunzi tulitumia S.L.P. moja. Ukiandika barua, karani anaipeleka posta na kukumbuka kwamba fulani kaandika. Jibu likija, linakufikia. Lakini barua iliyoandikwa S.L.P. peke yake, bila jina wala darasa, kutoka kwa mtu ambaye hukumwandikia kwanza, iliishia kwenye droo ya karani. Mtandao wangu uko hivyohivyo. Ile kanuni niliyoandika kwenye rauta ilikuwa sawa na kumwambia kiranja wa bweni, "Barua zangu niletee kitandani," wakati mwenye funguo za sanduku ni karani, naye hanijui.

Sababu yenyewe ni hesabu tu. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, kwa jumla ni 4,294,967,296, na ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Dawa halisi ni mfumo mpya, IPv6, ambao una anwani za kumwaga. Nimeangalia: kwangu iliyopo ni ile inayoanza na fe80, nayo haivuki ukuta wa nyumba.

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Kijana kaniuliza kama nimezima na kuwasha rauta. Nikamwambia nimezima. Akaniomba nizime tena. Tulipoelewana, akasema anwani ya umma ni ya wateja wa biashara, kwa ada ambayo dada alipoisikia aliniuliza kama nanunua intaneti au kiwanja.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima sikugusa terminali. Nimekaa na daftari na chai.

Kama barua za kutoka nje hazifiki lakini za kutoka ndani zinatoka, basi seva yenyewe ndiyo itoke. Ianzishe mazungumzo na mtu mwenye anwani ya umma, iyashikilie bila kukata, na wageni wapite humo humo kurudi ndani. Kwa kitu hicho nimeona njia tatu.

Ya kwanza ni huduma za bure za makampuni makubwa, kama Cloudflare. Unaweka programu yao kwenye seva, wanakuchimbia handaki, umemaliza kwa dakika kumi. Kwa mtu mwenye tovuti ya kawaida ningemwambia achukue hiyo aende akalale. Kwangu kuna doa: usimbaji unafunguliwa kwao kabla ya kusimbwa tena kuja kwangu, maana yake kile anachosema bibi kinapita wazi kwenye mashine ya mtu mwingine. Hawana haja na bibi, najua. Lakini sauti si yangu kuigawa.

Ya pili ni Tailscale na ndugu zake, ambapo kila kifaa kinawekewa programu na vinaonana vyenyewe. Nzuri kwa simu ya dada. Mbaya kwa mashangazi saba waliotawanyika, ambao kuwawekea programu kwa maelekezo ya simu ni mradi mwingine mkubwa kuliko huu.

Ya tatu ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuchimba handaki mwenyewe kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia iliyosimbwa. Kwa mwezi haifiki bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Nimechagua hii. Kadi ya malipo ilikataliwa mara mbili, ya tatu ikapita, sijui kilichobadilika.

Nilipima mahali pa kukodi: Johannesburg ilijibu kwa milisekunde 80 hivi, Ujerumani karibu 170. Nimechukua Johannesburg. Ukilifikiria ni kichekesho, kwa sababu deni la saruji likiandikwa Majengo litasafiri mpaka Afrika Kusini ndipo lirudi Nkuhungu, mwendo wa bodaboda ya dakika chache. Na Mei 12 mwaka jana, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, sote tuliona intaneti ilivyokuwa. Siku kama ile duka litarudi kwenye daftari la karatasi. Dada anasema hajawahi kuliacha.

Jumapili, 15 Juni

WireGuard ni fupi mpaka inatia shaka. Kila upande una ufunguo wa siri na ufunguo wa umma, na faili lenye mistari isiyozidi kumi na mbili. Tangu Machi 2020 imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, kwa hiyo hakuna cha kujenga. Seva ya Johannesburg nimeipa 10.8.0.1, ya kabatini 10.8.0.2, poti ya UDP 51820.

Hazikusalimiana. Saa tatu usiku, saa nne, saa tano. WireGuard haikwambii umekosea wapi: pakiti (kifurushi cha data) isiyoitambua inaitupa bila neno, na hiyo ni tabia nzuri kwa wezi na mateso kwa mwenye nyumba. Saa sita na nusu nikaona. Kwenye faili la kabatini, pale panapotakiwa ufunguo wa umma wa Johannesburg, nilikuwa nimebandika ufunguo wa umma wa kabati lenyewe. Seva ilikuwa inajitafuta yenyewe usiku kucha.

Nimeusahihisha, na ndani ya sekunde nne wakapeana mkono.

Mstari mmoja nauandika hapa nisiusahau: PersistentKeepalive = 25, upande wa nyumbani. Karani wa S.L.P. ana kumbukumbu fupi. Ukikaa kimya kidogo tu, anafuta jina lako daftarini, na barua inayokuja baada ya hapo inaishia kwenye droo. Kwa mstari huo seva inatuma pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25, kama mtoto anayepita ofisini kila mara: "Shikamoo mwalimu, nipo."

Jumamosi, 21 Juni

Kikoa, yaani jina la tovuti, nimenunua, ila sitaliandika hapa kwa sababu zitakazoonekana kesho. Rekodi ya DNS, inayogeuza jina kuwa anwani, inaelekeza Johannesburg. Johannesburg haifungui kitu: inachukua yanayokuja poti 80 na 443 na kuyasukuma yalivyo ndani ya handaki. Cheti cha usimbaji kiko kwenye laptopu ya kabatini, na Caddy, programu inayohudumia tovuti, ndiyo inakiomba Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, na kukihuisha yenyewe. Cheti ni cha siku 90. Huko njiani hakuna anayesikia kitu.

Kwa nadharia. Kwa vitendo mchana wote haikupita hata herufi, kwa sababu mbili zilizojificha moja nyuma ya nyingine. Kwanza, Johannesburg haikuwa imeruhusiwa kupitisha pakiti za wengine. Mstari mmoja wa ip_forward. Pili, na hii ndiyo iliyonila: pakiti ya mgeni inafika kabatini kupitia handaki, lakini kabati linapojibu linatumia njia yake ya kawaida, yaani rauta ya nyumbani. Mgeni kabisha hodi Johannesburg, jibu linamtokea kutoka Dodoma kwa anwani asiyoijua. Analitupa, na angekuwa mjinga asipolitupa.

Nimechukua njia ya mkato: Johannesburg ivae sura ya kila mgeni, ionekane kama ndiye yeye anayebisha. Jibu linarudi kwake, naye analipeleka. Saa kumi na moja jioni, simu ikiwa kwenye bando, nikasikia "Mbukwenyi!"

Nimemtumia kaka Mwanza kiungo. Kajibu kwa emoji tatu za kulia, na kwake hiyo ni insha.

Jumapili, 22 Juni

Nimesoma kumbukumbu za seva za usiku. Kiungo nimempa mtu mmoja tu, lakini waliobisha ni mamia. Wanatafuta wp-login.php, mlango wa kuingilia tovuti za WordPress, nami sina WordPress. Wanatafuta faili la .env, ambamo watu huweka nenosiri za programu zao. Kwenye Johannesburg yenyewe wanajaribu nenosiri la root, admin, ubuntu, tena na tena bila kuchoka. Jina nao wamelijuaje? Vyeti vya namna hii huorodheshwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na wapo wanaolisoma kwa mashine dakika kwa dakika. Niliita sehemu ya daftari la dada kwa neno "duka" kabisa. Ni kama kuandika DUKA kwenye ukuta na kushangaa wateja wakija.

SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, sasa inapokea funguo tu, nenosiri nimelizima. Nilifungua dirisha la pili kuhakikisha naingia kabla sijafunga la kwanza, kwa maana kuna mwaka nilijifungia nje hivihivi na sitaki kuuzungumzia.

Kisha nikaona gharama ya njia yangu ya mkato. Kwa laptopu, wageni wote wana anwani moja: 10.8.0.1. Mwema, mwizi, kaka wa Mwanza, wote sura ya Johannesburg. Nikiiambia fail2ban, programu ya kufungia wasumbufu, imfungie anayekosea nenosiri mara tano, itafungia ukoo mzima. Kwa hiyo nimeuondoa ule uvaaji wa sura na kufanya kazi niliyoikwepa jana. Kwenye kabati nimetengeneza jedwali la pili la njia, na sheria: kila kinachotoka kwa jina la 10.8.0.2 kipite handakini. Ilibidi AllowedIPs, orodha ya anwani zinazoruhusiwa handakini, upande wa nyumbani iwe 0.0.0.0/0, yaani zote, maana sasa handakini zinapita anwani za dunia nzima, na papo hapo Table = off, la sivyo wg-quick, programu inayowasha handaki, ingebeba intaneti yote ya kabati na kuipitisha Johannesburg. Saa tatu za kazi. Sasa namwona kila anayebisha kwa anwani yake.

Jumatano, 25 Juni

Maandishi yanafunguka, picha kubwa zinagoma nusu. Nimekumbana na hili kazini, kwa hiyo halikunipotezea usiku. Nimepima kwa ping, pakiti ya majaribio, isiyoruhusu kukatwa vipande: laini yangu haipitishi pakiti iliyozidi baiti 1,400. WireGuard inajiongezea 60 juu ya IPv4, na kawaida yake ni kudhani ina nafasi ya 1,420. Nimeshusha MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, hadi 1,340 pande zote mbili. Picha zikaja.

Jumamosi, 28 Juni

Mpwapwa. Nilikwenda kumwomba bibi ruhusa, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kununua kikoa, lakini ndiyo hivyo.

Nilimweleza kwamba sauti zake zitasikika Mwanza, Dar, na kwa shangazi aliyeko Uingereza. Akauliza, "Na nani mwingine?" Nikasema mwenye nenosiri tu. Akauliza tena, "Na nenosiri anaweza kupewa nani?" Nikajikuta namweleza kitu nilichokuwa sijajiuliza mwenyewe.

Tukasikiliza pamoja, faili moja baada ya jingine, mpaka jua likazama. Ngano zote sawa. Vitendawili sawa. Nyimbo sita akazitoa. Ni za unyagoni, alizikumbuka tu siku ile akaziimba, nami nikiwa na mashine yangu sikujua ninachorekodi. "Hizi we mwenyewe hukupaswa kuzisikia," kaniambia, na kucheka, ila hakuwa anatania.

Nimerudi na uamuzi. Nyimbo sita nimezitoa kwenye seva, ziko kwenye kadi ya kumbukumbu aliyonayo shangazi mkubwa, kwangu hakuna nakala. Ngano na picha ziko nyuma ya nenosiri la kila mtu na lake. Daftari la duka limeondoka mtandaoni kabisa: simu ya dada nimeiwekea WireGuard na ufunguo wake, inaingia handakini moja kwa moja, na kwa dunia nyingine hakuna mlango wa kubisha. Jina "duka" nimelifuta.

Dada kanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mdogo wangu, wiki tatu umehangaika kuniweka mtandaoni, na sasa umehangaika kunitoa?" Ndiyo, dada.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Umeme umekatika saa mbili asubuhi na kurudi saa saba. Laptopu ina betri yake, ikadumu dakika arobaini. Haikusaidia kitu: rauta haina betri, ikafa sekunde ileile.

Umeme uliporudi, rauta ikaamka na laptopu ikabaki imelala. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya laptopu, kuna kipengele cha kuiwasha yenyewe umeme ukiunganishwa, sikuwa nimekigusa. Nikaiwasha kwa mkono. Handaki likakataa kusimama. Kwenye faili nilikuwa nimeandika jina la kikoa mahali pa anwani ya Johannesburg. Seva iliamka kabla rauta haijapata mtandao, ikauliza jina ni la nani, ikakosa jibu, ikakata tamaa moja kwa moja. Nimeandika namba yenyewe. Haibadiliki, kwa nini nimuulize mtu?

Nimenunua pia UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya rauta mjini, ile ya ukubwa wa kitabu cha sala. Nimezima swichi kuu makusudi mara mbili. Vyote vimerudi vyenyewe, na mke wangu kaniomba nisijaribu mara ya tatu akiwa anapika.

Jumamosi, 19 Julai

Kaka kalalamika bando. Ana haki. Rekodi moja ya dakika 48 ilikuwa WAV, sauti isiyobanwa, ya megabaiti 508. Nimezigeuza zote kuwa Opus, namna ya kubana sauti, ya kilobiti 32 kwa sekunde, na ileile sasa ni megabaiti 11 na nusu. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesimulia sisikii tofauti. Kwenye nyimbo zenye zeze naisikia kidogo, hizo nimeziachia kilobiti 96. WAV za asili zimebaki kwenye diski ya nje, inayokaa dukani kwa dada nyuma ya makopo ya rangi. Nimerudisha mafaili matano kutoka humo kuhakikisha yanafunguka. Yamefunguka.

Jumamosi, 2 Agosti

Wiki mbili bila kugusa kitu. Fail2ban inafungia watu wasiojulikana, handaki limesimama, vumbi limejaa juu ya kabati lakini si ndani ya feni.

Jioni bibi kapiga simu. Mjukuu wake wa darasa la sita kamfungulia ngano ya sungura kwenye simu ya jirani, wakasikiliza ua zima. Nikasubiri sifa. Akasema pale katikati amekosea: jina la kijiji alilotaja si lenyewe, na watu wa huko wakisikia watasema bibi kazeeka. Tena jogoo wa jirani kawika mara tatu, nilimwachia wa nini? Nije nirekodi upya.

Nanenane ni Ijumaa, kwa hiyo kuna siku tatu. Nimechaji betri za kinasa sauti. Basi la Mpwapwa la asubuhi.